Kindi, kulungu kwa upinde, au kulungu kwa bunduki: mwindaji mpya wa Pennsylvania aanzie wapi?

Mtu mzima anayetaka kujifunza kuwinda nchini Marekani, na ambaye hana baba, mjomba wala jirani wa kumwongoza, hukutana na njia tatu. Anaweza kuanza na wanyama wadogo, yaani kindi na sungura. Anaweza kumwotea kulungu kwa upinde katika majuma ambayo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika. Au anaweza kusubiri msimu wa bunduki unaofunguliwa mwishoni mwa Novemba, akaingia msituni pamoja na maelfu ya wawindaji wanaomsaka kulungu huyo huyo. Wengi huchagua njia ya tatu kwa sababu ndiyo wanayoisikia ikizungumzwa kazini. Mimi ninaamini kwamba kwa mgeni kabisa njia ya kwanza ndiyo bora, ya pili inaifuata, na ya tatu inamfaa aliye na mtu wa kumsimamia. Hata hivyo zipo hali za kidini na za uhamiaji zinazoweza kuugeuza mpangilio huo, nami nitazieleza kwa kirefu kwa sababu miongozo wanayopewa wawindaji wapya kwa kawaida haizigusi.

Ulinganisho huu umejengwa juu ya jimbo la Pennsylvania. Miji ya Erie, Lancaster na Pittsburgh imepokea familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, na jimbo lenyewe lina zaidi ya ekari milioni 1.5 za ardhi ya uwindaji ya umma, ambako mwenye leseni huingia bila kumwomba mtu ruhusa. Anayeishi Ohio, Texas au Maine asome kanuni za jimbo lake, kwa kuwa tarehe, ada na silaha zinazoruhusiwa hubadilika kutoka jimbo hadi jimbo.

Kwanza, yaliyo ya lazima kwa njia zote

Aliyelelewa Kenya, ambako uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977, huenda akaliona jambo hili lote kuwa ni ujangili uliopambwa. Aliyekulia vijijini mashariki mwa Kongo naye huenda akalichukulia kuwa ni kazi aliyokwisha kuifahamu tangu utotoni. Wote wawili wanahitaji kuanza upya. Hapa kila mnyama ana msimu wake na idadi yake, na sehemu kubwa ya fedha za kuhifadhi wanyamapori hutoka kwa wawindaji wenyewe, kupitia leseni na kupitia ushuru wa asilimia 11 unaotozwa bunduki za kuwindia na risasi chini ya sheria ya mwaka 1937. Kumtega kulungu kwa waya, kumkimbiza kwa mbwa, kumwekea chambo au kumpiga usiku kwa mwanga wa tochi ni makosa ya jinai. Kuuza nyama yake pia ni kosa, hata ikiwa anayeuziwa ni mwanajumuiya mwenzako na bei ni ya kurudisha gharama tu. Kumgawia ndugu bure kunaruhusiwa.

Mwindaji mpya hupitia kwanza kozi ya usalama, darasani au mtandaoni, ndipo anunue leseni. Leseni ya mkazi mtu mzima ni dola 20.97, nayo hudumu kuanzia Julai 1 hadi Juni 30 ya mwaka unaofuata. Leseni hiyo moja humruhusu kuwinda wanyama wadogo na kulungu mmoja dume mwenye pembe. Kulungu jike huhitaji kibali cha nyongeza, na msimu wa upinde vilevile. Kipo pia kibali cha anayewinda chini ya usimamizi wa mwindaji mzoefu, kinachomwezesha mtu kujaribu kabla ya kufanya kozi. Hicho ni msaada mkubwa kwa mwenye msimamizi, ila hakimsaidii chochote asiye naye.

Swali la hali ya uhamiaji linapaswa kujibiwa kabla ya kugusa silaha. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu asiye na hali halali ya ukaazi kumiliki au kushika bunduki na risasi, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 15. Kuazima bunduki ya rafiki kwa saa moja kunahesabiwa kuwa ni kuishika. Mkaazi wa kudumu na mkimbizi aliyepokewa kisheria wanaruhusiwa. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani. Kwa hiyo yeye atangulize leseni, bunduki ifuate. Anayesubiri uamuzi wa ombi la hifadhi amwone mwanasheria wa uhamiaji na asitegemee maneno ya watu. Upinde haumo katika katazo hilo la bunduki, na kwa mwenye shaka juu ya karatasi zake tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua njia ya kufuata.

Kindi na sungura

Kindi ana sifa inayomfanya awe mwalimu bora: ni wengi, na msimu wao ni mrefu. Pennsylvania hufungua msimu wa kindi katikati ya Septemba na kuuendeleza, kwa mapumziko mafupi, hadi mwisho wa Februari, na mwindaji anaruhusiwa sita kwa siku. Sungura wanne kwa siku. Mtu anayefanya kazi ya zamu ghalani au katika kiwanda cha kuku anaweza kwenda msituni kwa muda wa saa mbili kabla ya kazi, akarudi mikono mitupu, na kesho kutwa akaenda tena. Kwa mwezi mmoja atakuwa amekutana na wanyama wengi kuliko mwindaji wa kulungu anavyokutana nao kwa misimu mitatu, na kila mara atakuwa amelazimika kujiuliza kama apige au asipige. Uamuzi huo ndio kiini cha uwindaji, na haujifunzwi ila kwa kurudiwa.

Namna ya kuwinda ni rahisi kuieleza. Mwindaji huketi chini ya mwaloni kabla jua halijachomoza, mgongo ukiegemea shina, bunduki ikiwa mapajani na mtutu ukielekea pasipo na mtu. Robo saa ya mwanzo msitu hunyamaza kwa sababu umemsikia akija. Baadaye vipande vya maganda huanza kudondoka juu ya majani makavu, kimoja kimoja, kwa sababu kindi aliye juu anatafuna kokwa na kutupa maganda. Mwindaji hatazami kindi kwanza. Hutazama tawi linalotikisika wakati hakuna upepo. Kindi akiona mkono unaosogea, huzunguka upande wa pili wa shina na kubaki huko. Basi mwindaji hutulia, au hutupa kijiti upande ule ili kindi arudi upande huu. Anayejifunza kutulia namna hiyo anajifunza kumwotea kulungu bila kujua.

Kuhusu silaha, nashauri bunduki ya marisau, yaani inayorusha vipunje vingi kwa mara moja, ya saizi iitwayo geji 20, kuliko raifo ndogo ya risasi nyembamba ya .22. Raifo hiyo ni ya bei nafuu, haina mshindo mkubwa begani, na huharibu nyama kidogo. Lakini risasi yake ndogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita mbili, na kindi kwa kawaida yuko juu, mahali ambapo nyuma yake ni mbingu tupu. Mzoefu husubiri hadi kindi alale juu ya shina nene litakalozuia risasi. Mgeni, moyo ukimdunda, husahau. Marisau hutawanyika na kuisha nguvu ndani ya mamia machache ya mita, na hufanya kazi vizuri hadi mita 30 hivi. Bunduki ya namna hiyo iliyotumika hupatikana kwa takribani dola 200 hadi 300, na hiyo hiyo itamfaa mwenyewe kwa sungura, kwa ndege, na hata kwa bata mzinga wa msituni.

Upungufu wa njia hii ni nyama. Kindi wanne ni mchuzi wa familia ndogo kwa mlo mmoja, na nyama yake ni ngumu kidogo, inayohitaji kuchemshwa kwanza na tangawizi na kitunguu saumu kabla ya kutiwa nazi. Kumchuna kunachosha mikono hadi mtu azoee. Anayechuna sungura avae glavu, kwa kuwa sungura wa porini wanaweza kubeba vijidudu vya tularemia, ugonjwa unaoingia kupitia mikwaruzo ya mikono. Anayelenga kujaza friza hataridhika na njia hii, na ni haki yake.

Kulungu kwa upinde

Msimu wa upinde huanza karibu na mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba na kuendelea hadi katikati ya Novemba au siku chache baadaye. Hali ya hewa bado ni ya kuvumilika, misitu ina watu wachache, na mwishoni mwa kipindi hicho madume huanza kutembea mchana wakitafuta majike. Pennsylvania inaruhusu upinde wa kawaida na pia upinde wa kufyatua, ule unaowekwa begani kama bunduki na kuachiwa kwa kidole. Kwa mgeni mimi ninapendekeza huo wa kufyatua. Upinde wa kuvuta kwa mkono unadai miezi ya mazoezi ya kila siku ili mshale uende unapotazama, ilhali wa kufyatua mtu hujifunza kuulenga vizuri kwa siku chache. Pamoja na mishale na darubini yake unagharimu kwa kawaida dola 300 hadi 500.

Ugumu wa njia hii haumo katika kulenga. Umo katika kumkaribia mnyama hadi mita 18 au 20, na umo katika yanayofuata baada ya mshale kuondoka. Kulungu aliyepigwa vizuri nyuma ya bega, ambapo mapafu na moyo hukaa katika eneo lisilozidi sahani ndogo ya chai, hukimbia mita 100 hivi na kuanguka. Mwindaji haruhusiwi na busara kumfuata mara moja. Hubaki pale pale walau nusu saa, kisha hushuka kwenda mahali kulungu aliposimama na kuutafuta mshale. Damu nyekundu yenye mapovu huonyesha mapafu. Damu nyeusi nyeusi huonyesha ini, na hapo asubiri saa kadhaa. Mshale wenye majimaji ya kijani na harufu ya tumbo humaanisha kwamba mnyama atachukua muda mrefu kufa, na kumkurupusha mapema ni kumpoteza kabisa. Mgeni anayekwenda peke yake lazima ayajue haya kabla, kwa sababu gizani, huku akiwa na haraka ya kurudi nyumbani, hatayakumbuka.

Jambo jingine linalonitia hofu zaidi kuliko upinde wenyewe ni jukwaa la mtini. Wawindaji wengi wa upinde hupanda mita tano au sita juu ili kulungu asiwaone wala kunusa harufu yao, na kuanguka kutoka juu ni miongoni mwa sababu kubwa za majeraha katika uwindaji wa kulungu. Mwindaji mpya aketi chini, ndani ya kibanda cha kitambaa au nyuma ya mti ulioanguka. Akipanda, afunge mkanda wa mwili mzima kabla miguu haijaiacha ardhi, na asiufungue hadi miguu irudi chini.

Kulungu kwa bunduki

Msimu mkuu wa bunduki hufunguliwa Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving) na kuendelea kwa takribani majuma mawili. Raifo ya risasi zenye nguvu zaidi, kama .243 au .308, yenye darubini humwezesha mtu kumpiga kulungu kwa uhakika hadi mita 100 na zaidi, na mnyama mara nyingi huanguka karibu. Kwa hesabu ya nyama peke yake njia hii haina mshindani: kulungu jike mmoja hutoa kati ya kilo 15 na 20 za nyama isiyo na mfupa.

Kwa nini basi niiweke ya mwisho? Msimu ni mfupi, wawindaji ni wengi, na kosa moja la risasi ya raifo halirekebishiki. Mgeni hukaa siku nzima kwenye baridi kali, haoni kitu, na saa ya jioni anapoona umbo la kahawia kwenye vichaka macho yake humkamilishia pembe na masikio ambayo hayapo. Kanuni ya kutambua kwa hakika unachokipiga na kilicho nyuma yake kila mtu huikariri darasani. Kuitii baada ya saa tisa za baridi ni jambo jingine, na ndilo ambalo miezi ya kuwinda kindi humjengea mtu. Sheria inamtaka avae rangi ya chungwa inayong'aa kichwani, kifuani na mgongoni, isiyopungua inchi za mraba 250. Inamkataza pia kupiga ndani ya yadi 150 za jengo linalokaliwa na watu bila idhini, na kuweka risasi ndani ya bunduki iliyomo garini.

Akiwa na msimamizi aliye tayari kuketi naye bega kwa bega, hoja zangu nyingi hupungua nguvu. Msimamizi huyo humwambia "subiri", humwonyesha pa kulenga, na humshika mkono wakati wa kupasua tumbo. Aliyempata mtu wa aina hiyo, mwenye subira na asiye na majivuno, achukue njia hii bila wasiwasi.

Dini na chakula

Hapa ndipo mpangilio wangu unapoweza kupinduliwa. Kwa Waadventista Wasabato, na wengine wanaofuata mgawanyo wa Walawi 11, sungura si chakula, na kindi pia huhesabiwa kuwa najisi. Kulungu, kinyume chake, ametajwa katika Kumbukumbu la Torati 14 miongoni mwa wanyama wanaoliwa. Kuwinda usichokula si sawa, kwa hiyo wao waanzie kwa kulungu, na waanze na upinde kwa sababu ya urefu wa msimu. Zamani walikuwa na shida ya ziada: Jumamosi ni Sabato, na Jumapili jimbo liliwakataza watu wote kuwinda kulungu. Katazo hilo lililegezwa kidogo mwaka 2019 na kuondolewa mwaka 2025, na sasa tume ya wanyamapori ya jimbo ndiyo inayopanga Jumapili za kuwinda.

Kwa Waislamu, sungura ni halali kwa Sunni lakini si kwa Shia Ithnaashari, na kuhusu kindi wanazuoni wametofautiana. Suala zito zaidi ni silaha. Hadithi ya Adi bin Hatim, sahaba wa Mtume, inatofautisha kati ya kinachomtoboa mnyama, ambacho nyama yake inaliwa, na kinachomuua kwa uzito au kwa ubapa wake, ambacho nyama yake haifai. Mshale wenye chembe kali hauna mjadala. Risasi ya raifo wanazuoni wengi wa leo wameikubali kwa kuwa hupenya. Marisau yana hitilafu kubwa zaidi, na Mwislamu anayetaka kuyatumia amuulize sheikh wake mapema. Bismillahi husomwa wakati wa kufyatua, na mnyama akikutwa bado ana uhai huchinjwa. Kwa hesabu hiyo, Mwislamu aliye makini ana sababu nzuri ya kuutanguliza upinde, au kuwawinda kindi na sungura kwa raifo ya .22 pale tu penye shina au udongo nyuma ya mnyama.

Ushauri mmoja ni wa watu wetu wote tunaopenda supu ya kichwa. Tangu mwaka 2012 kulungu wa Pennsylvania wamekutwa na ugonjwa unaodhoofisha ubongo hadi mnyama anakonda na kufa. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuupata kwa kula nyama, lakini wataalamu wa afya wanashauri tusile ubongo, uti wa mgongo wala mnyama aliyepimwa na kukutwa nao, na ni marufuku kuvitoa viungo hivyo nje ya maeneo yaliyotengwa kwa sababu ya ugonjwa huo. Tume ya wanyamapori huweka makasha ya kukusanyia vichwa vya kulungu ili vipimwe bila malipo. Kichwa kipelekwe huko, na supu ipikwe kwa mifupa ya miguu.

Gharama, muda, na nani achague nini

Kwa fedha tofauti si kubwa kama watu wanavyodhani. Raifo mpya ya bei ya chini na darubini yake ni kama dola 500 hadi 700, na bucha wa kumkatakata kulungu hutoza mara nyingi zaidi ya dola 100. Kindi hahitaji bucha wala gari kubwa wala friza. Tofauti halisi ni ya muda: nafasi nyingi fupi kwa kindi, jioni nyingi za subira kwa upinde, siku chache nzito kwa raifo.

Kwa hiyo mwenye karatasi kamili, asiye na katazo la dini wala msimamizi, aanze na kindi kwa bunduki ya marisau na auache msimu wa kulungu wa mwaka wa kwanza upite. Msabato, Mwislamu anayejiepusha na marisau, na mwenye shaka ya kisheria juu ya bunduki waende kwa upinde wa kufyatua, wakiketi chini. Mwenye msimamizi mzuri na familia kubwa ya kulisha achukue raifo, lakini anunue kibali cha kulungu jike tangu mapema, kwa sababu sehemu kubwa ya jimbo inataka dume awe na ncha tatu au zaidi kwenye pembe moja, na kuzihesabu kati ya matawi si kazi ya mgeni.

Vibali vya jike huanza kuuzwa mwishoni mwa Juni, na vya baadhi ya maeneo humalizika mapema, wakati darasa la usalama hujaa watu kuanzia Agosti. Anayetaka kuingia msituni Septemba aifanye kozi kabla ya Julai, atumie miezi ya joto kulenga shabaha na kutembea katika ardhi ya umma iliyo karibu naye akitafuta maganda ya kokwa yaliyotafunwa, njia za kulungu na mialoni yenye matunda, na ajikague kupe kila arudipo, kwa kuwa Pennsylvania ni miongoni mwa majimbo yenye wagonjwa wengi wa Lyme, maradhi yanayoenezwa na kupe. Atakapompata kulungu wake wa kwanza, lebo ya kibali ijazwe na kufungwa sikioni kabla mnyama hajasogezwa hata hatua moja, na taarifa ipelekwe kwa tume ndani ya siku 10.